Mwambie Dadi Wako

Jumamosi ile ya Julai nilimng'oa Eusebi meno mawili ya mbele kwa ngumi moja, na kama si watu kunishika ningemng'oa na mengine. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa zamani ningejisifu. Nasema ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani. Naitwa Urbani, nachinja nguruwe hapa Lizaboni, Songea, na mkono wangu siku zote umekuwa mwepesi kuliko akili yangu.

Kosa la Eusebi lilikuwa hili. Ana mashine ya kusaga jirani kabisa na kwangu, na siku za jua huanika mahindi kwenye turubai mbele ya mashine. Mwanangu Aidan, wa miaka sita, alipitisha gari lake la waya katikati ya yale mahindi, akageuza, akapita tena. Eusebi akamzaba kibao. Mtoto alipofika nyumbani vidole vyote vitano vilikuwa vinasomeka shavuni. Sikumuuliza kitu. Nilivuka uzio na mafuta ya nguruwe mikononi, nikampiga Eusebi akiwa bado ameshika ufagio.

Mke wangu Eufrasia hakupiga kelele. Alimkanda Aidan shavu kwa kitambaa cha maji ya moto, akamaliza, akanigeukia.

"Mwaka jana ulimpiga konda stendi," alisema. "Pasaka ukampiga kaka wa bwana harusi kwenye harusi ya mdogo wake. Nilikuambia ya tatu siisubiri."

"Amempiga mtoto, Eufrasia."

"Na wewe ukimpiga mtu akafa, huyo mtoto nimpeleke gereza gani akakusalimie?"

Akachukua simu, akampigia mama yake.

Hapo nikajua mambo yameharibika. Mama mkwe wangu anakaa kijijini upande wa Namtumbo, analima tumbaku na mahindi, na haji mjini kusalimia watu. Akija, amekuja kuchukua kitu. Alishuka kwenye basi Jumapili mchana na kikapu kimoja, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshapewa habari: Ijumaa asubuhi anaondoka na binti yake na wajukuu zake watatu. Kilichowachelewesha hadi Ijumaa ni cherehani tu. Eufrasia ni fundi, na alikuwa na sare za shule za watu ambazo lazima azimalize kwanza.

Jina la mama mkwe sitalitaja. Kwetu Wangoni mkwe hatajwi hovyo, na mengi mengine hayafanywi mbele yake. Wengi mjini wameacha, wanakaa sebule moja na wakwe zao wakitazama tamthilia na kugombania rimoti. Yeye hajaacha. Kwa miaka minane ya ndoa hatujapeana mkono, hatujala pamoja, na uso wake sijawahi kuutazama sawasawa, kwa sababu tukikutana njiani mmoja wetu hupinda na mwingine huinama. Akiwa ndani, mimi niko nje. Na neno lake kwangu hupitia kwa mtoto, hata kama tuko hatua tano, hata kama nimelisikia lote kwa masikio yangu. "Mwambie dadi wako," husema, maana dadi ndiye baba kwa Kingoni. Mtoto huja akaniambia, nikamjibu mtoto, akarudi nalo. Ndiyo heshima yenyewe, na ukiicheka mbele yangu tutakosana.

Basi kuanzia Jumapili ile nikawa mkimbizi wa nyumba yangu mwenyewe. Nililala chumba cha uani ninamowekea visu na mapipa. Nilikula kwenye benchi nje, mgongo umeegemea ukuta wa sebule, baridi ya Julai ikinipitia mbavuni. Dirisha la juu yangu lina wavu wa mbu tu, kwa hiyo kila kilichosemwa ndani nilikisikia.

Niseme ukweli wangu. Kabla ya hapo, nyumbani palikuwa mahali pa kupita. Nilitoka alfajiri, nikarudi nimechoka, watoto wakipiga kelele nikawakaripia, nikishiba nikaenda mtaa wa Majengo kukaa na wenzangu kusimuliana nani alimpiga nani. Kule walinipisha kiti. Nilidhani raha ya mwanamume iko kule, na kwamba vilio, uji na nepi ni mambo ya mtu aliyekosa pa kwenda.

Jumatatu jioni nikasikia wanavyooga. Kuogesha watoto watatu Songea mwezi wa saba ni vita, wala usinibishie. Evaline, wa miaka minne, alianza kupiga mayowe kabla maji hayajamgusa. Akamuuma bibi yake kidole. Nikasikia kofi la matakoni, mayowe yakapanda. Remmy, ambaye bado anajifunza kutembea, alikuwa anaua sufuria kwa mwiko, pigo baada ya pigo, bila huruma. Aidan alisimama juu ya kitu akitangaza mpambano: sasa bibi amemkaba, sasa Evaline ameponyoka, mama yuko chini. Kisha beseni likapinduka. Halafu wote, bibi, mama na watoto, wakaanza kucheka, na Eufrasia akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mimi niko nje na sahani ya ugali na dagaa wa Nyasa vilivyopoa. Nikagundua kwamba nimelaza sikio ukutani, kwamba nacheka na mimi, na kwamba naona wivu mpaka kifua kinauma. Vita vyote nilivyopigana maishani mwangu, hakuna hata kimoja kilichoisha watu wakicheka namna ile. Na kile kilikuwa kinapiganwa kila jioni nyumbani kwangu, nami sikuwahi kukihudhuria.

Jumanne sauti ya mama mkwe ikaja dirishani. "Mwambie dadi wako basi ni saa mbili Ijumaa. Aandae godoro la watoto, alifunge kamba."

Aidan akatoka. Alisimama mbele yangu mikono nyuma, wanavyosimamishwa shuleni.

"Baba, bibi anasema Ijumaa tunaenda kwake, ufunge godoro. Kuna mbuzi."

Hapo kwenye mbuzi aliongeza mwenyewe. Lakini damu ilishanichemka. "Mwambie bibi yako hii ni nyumba yangu," nikasema, "na hao ni watoto wangu, na atakayegusa hilo godoro nitamvunja mkono."

Aidan akaingia ndani. Nikatega sikio.

"Bibi, baba anasema shikamoo."

"Marahaba. Na nini tena?"

"Anasema asante kwa kumuogesha Evaline."

Nikabaki pale na aibu yangu. Mtoto wa miaka sita amelibeba tusi langu mpaka mlangoni, amelitupa, amejitafutia neno jingine la kuingia nalo. Nikajiuliza ameshatupa mangapi ya aina hiyo, na nani alimfundisha, maana si mimi.

Jumatano nilikuwa na dume moja la kuchinja. Nguruwe hupigwa nyundo katikati ya paji, kisha kisu kinaingia chini ya koo kabla hajazinduka. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Siku ile, nimeshainua nyundo, Evaline akaanza kuimba jikoni wimbo wa kuhesabu wa chekechea, na mkono wangu ukasita. Pigo likaenda pembeni. Dume likazinduka na kamba yake, likaniangusha, likapindua pipa, likazunguka uani likipiga kelele zinazotoboa masikio, damu ikiruka mpaka kwenye kuta. Nililirukia mgongoni, nikalilaza, nikalimaliza kwa nguvu tu. Nilipoinuka nilikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi kandambili.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, namkwangua nguruwe manyoya kwa maji ya moto, Eusebi alipoingia uani na ndugu zake wawili. Jumapili mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametukutanisha, nikaomba msamaha kwa mdomo huku moyo umekaa pembeni, na Eusebi aliliona hilo. Sasa alikuwa na mpini wa jembe. Dennis, mkubwa wao kwa umbo, alikuwa na rungu. Yule wa tatu alikuwa na panga, na kwa jinsi alivyolishika nikajua hajawahi kulitumia kwa mtu.

"Meno," alisema Eusebi. Mdomo ulikuwa bado umevimba. "Nimekuja kuchukua meno yangu."

Sikusubiri. Ndoo ya maji ya moto nilimmwagia mwenye panga miguuni, akaanguka akilia, panga likaenda upande wake. Dennis akanipiga rungu la mkono wa kushoto, nikausikia mfupa ukikatika, sauti kavu ya ukuni. Nikampiga teke la goti. Akateleza kwenye damu ya nguruwe, akaanguka chali, nami nikawa juu yake kabla hajavuta pumzi, goti langu kifuani mwake. Kisu kilikuwa mkono wa kulia, na kisu changu kinajua njia. Kilienda chenyewe chini ya taya yake, mahali palepale ninapokiweka kila siku. Nyuma yangu Eusebi alikuwa ananitwanga mgongo kwa mpini. Niliyasikia mapigo lakini hayakuniuma. Nilikuwa nimeshaamua. Nataka lieleweke hilo, maana watu wamenitetea kwamba nilitaka kumtisha tu. Nilikuwa nimeamua kumchinja mtu.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka mlango wa jiko.

"Mwambie dadi wako aweke kisu chini."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema miaka yote. Mdomo ulikimbilia mazoea yake, kama wangu ungekimbilia tusi. Mimi nilimsikia. Dennis alimsikia. Lakini aliyetumwa ni Aidan, na mtoto wa kwetu akitumwa huenda.

Alikuja kwa kutembea. Alimpita mtu aliyekuwa akigaagaa na miguu iliyobabuka, akaruka dimbwi la damu asichafue ndala, akasimama ubavuni mwangu, mikono nyuma. Mpini wa Eusebi ulikuwa juu.

"Baba," alisema, "bibi anasema uweke kisu chini." Akaongeza, "Na mimi nasema."

Nilipomgeukia niliuona mpini ukianza kushuka. Nilipajua Eusebi alipokuwa wakati ule, maana nimeishi huko. Macho yako wazi na hayaoni kitu. Nikakitupa kisu, nikamvuta Aidan kwa mkono mzima, nikamlaza chini ya kifua changu, nikamfunika. Mpini ukanipata kisogoni. Dennis akajinasua, akaokota rungu, na wawili wakanifanyia kazi, mgongo, mbavu, miguu, mmoja akitua mwingine akiinua. Kila pigo nililisikia likinipita na kugonga ardhini chini ya mtoto. Nilikaza mgongo. Sikutaka kurudisha hata moja. Mimi, Urbani wa Majengo, nilipigwa nisitamani kitu kingine duniani ila huu mgongo usivunjike mapema.

Aidan alinukia sabuni. Akasema chini ya kidevu changu, taratibu, "Baba, nimjibu nini bibi?"

"Mwambie sawa," nikasema. Damu ilinijaa mdomoni. "Mwambie nimesikia."

Ndipo mama mkwe akatoka mwenyewe. Alitoka na mchi. Ana miaka sitini na kitu, lakini mikono yake imebeba tumbaku maisha yote. Mchi wa kwanza ulitua kwenye goti la Dennis, akakaa chini. Wa pili ulivunja kidole cha Eusebi juu ya mpini. Kisha akasimama juu yetu, mguu huku na mguu huku, khanga yake ikinigusa kichwa, anahema, mchi umeinuliwa. Eufrasia alikuwa barabarani akiita watu, na wateja wa mashine walikuwa wanaingia uani na mifuko yao ya unga.

Nikajiinua kidogo, na Aidan akatoka chini yangu. Eusebi alipomwona akaachia mpini. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtu aliyeamshwa.

"Sikumwona," alisema. "Urbani, haki ya Mungu sikumwona mtoto."

Nilimwamini. Mimi pia nikiwa vile simwoni mtu.

Mama mkwe akaweka mchi chini, akapiga magoti kwenye ile damu, akanishika uso kwa mikono yake miwili na kunitazama. Macho yake ni ya Evaline. Miaka minne nimeyatazama macho yale kwa binti yangu bila kujua yalikotoka.

"Kosa langu," aliniambia, mimi, bila kumpitia mtu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Miguu ninayo, mdomo ninao, nikamtuma mtoto kwenye marungu. Inuka, baba. Inuka twende ndani."

Hospitali walinifunga plasta mkono wa kushoto na kunishona nyuzi tisa kichwani. Alhamisi mchana mwenyekiti alikuja, Eusebi naye akaja na mkono kwenye bandeji, na safari hii niliomba msamaha nikiwa nimemaanisha. Naye akaomba wake. Ndugu yake wa panga alikuwa amelala akipakwa dawa miguuni, na hilo nitalibeba mimi. Tulikubaliana yaishie hapo. Alipokuwa anaondoka, Aidan alimfuata hadi kwenye turubai akampa gari lake la waya, ili asilipitishe tena kwenye mahindi. Eusebi akalitazama, akamrudishia.

Jioni hiyo nilikaa kwenye benchi langu, maana mama mkwe alikuwa amerudi ndani na heshima zake, kama vile hajawahi kunishika uso. Mlangoni niliona mabegi yamepangwa na godoro limefungwa kamba. Eufrasia hakuwa ameniambia neno juu ya Ijumaa, nami sikuthubutu kuuliza. Alitoka tu na beseni la maji ya moto, akaliweka miguuni pangu, akamweka Evaline ndani yake.

"Huyu wako," alisema, akaenda kumalizia sare.

Nilipigana na Evaline kwa mkono mmoja. Aliniuma kidole gumba mpaka alama ikabaki. Alinirushia maji kwenye nyuzi, akateleza kama sabuni yenyewe, nikamdaka kwa goti, akapiga mayowe kwamba namuua, majirani wakasikia na hakuna aliyekuja. Remmy alikuja akitambaa, akaipiga plasta yangu kwa mwiko, akaipenda sauti yake, akaipiga tena. Mbavu ziliniuma kila nilipocheka na sikuweza kuacha. Nilikuwa nimeridhika. Nalisema hivyo hivyo, bila kulivika nguo. Nilimfunga Evaline khanga, nikamkumbatia akiwa anatetemeka kwa baridi, na nikawaza kwamba kesho saa mbili sitakuwa na hiki. Nikalia mbele ya watoto, na Evaline akanipangusa kwa mkono wenye povu, macho yakazidi kuwasha.

Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa nimeshakaa benchini. Ndani niliwasikia wakinywa uji, vijiko vikigonga bakuli. Kisha mama mkwe akasema na Aidan, lakini safari hii kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza ukuta ule haukunipa kitu.

Aidan akatoka. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Baba, bibi anasema basi linaondoka saa mbili."

"Nimesikia."

"Anasema mimi nimsindikize stendi na mama, halafu ninunuliwe soda."

"Sawa."

"Anasema godoro ulifungue. Anaenda peke yake."

Nilimtazama mtoto huyu anayetupa maneno mlangoni na kuingia na mengine. Moyo ulikuwa unanipiga kuliko lile rungu.

"Aidan, niambie ukweli. Hilo la peke yake ni la bibi, au ni la kwako?"

Alikuna mguu mmoja kwa mwingine.

"Ni la bibi," alisema. "La kwangu ni la soda."